Notsi nilizogawa bure, kuna mtu anaziuza na jina langu kalifuta

Anti shikamoo,

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, huu ni mwaka wa 9 nafundisha sekondari, na naomba usinicheke maana hili jambo wiki ya pili sasa linaninyima usingizi na nyumbani wameshachoka kulisikia.

Iko hivi. Miaka 4 iliyopita nilianza kuandika notsi zangu mwenyewe kwa sababu kitabu kilikua kimoja wanafunzi sita saba wanakigombania, nikaanza na mada ya seli tu, nikasema niandike hiyo moja niwasaidie, afu nikajikuta naendelea, usiku watu wamelala mi niko na laptopu, naandika, najaribu darasani, sehemu wasiyoelewa nafuta naandika upya, mpaka leo zimefika kurasa 212. Kila nikimaliza mada natuma PDF kwenye grupu letu la walimu wa somo. Bure kabisa, sijawahi kuomba hata hela ya bando.

Sasa mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa zamani kanitumia skrinshoti, kaandika "Mwalimu hizi si zile zako?" Naangalia, kava jipya la rangi, limependeza kwa kweli, na jina la jamaa mmoja niliyewahi kufundisha naye shule moja, na namba ya kulipia. Anauza mada mojamoja! Nikanunua moja kwa namba ya mdogo wangu ili nihakikishe nisije nikamsingizia mtu. Anti, ni zangu. Neno kwa neno. Hata ule mfano wa mlinzi wa geti nilioutunga mwenyewe kuelezea utando wa seli upo. Ukurasa wa 14 nilikosea nikaandika "mitokondira" badala ya mitokondria, na kwake ni mitokondira vilevile. Kitu pekee alichobadilisha ni kufuta jina langu.

Nikaenda kulia kwenye grupu, nikidhani ndo nimefika kwa ndugu. Majibu: "Si ulitoa mwenyewe bure, unalia nini sasa", mwingine "cha bure hakina mwenyewe", mwingine kabisa eti jamaa angalau kazipendezesha. Mume wangu anasema niache ujinga na mimi niuze, tena nimdai yule jamaa hesabu ya kila alichouza. Rafiki yangu anasema nizifunge na paswedi na nisimpe tena mtu yeyote. Kijana mmoja wa kompyuta kaniambia niweke Creative Commons, nikaenda kuangalia nikakuta BY, NC, SA, ND, nikaona kama pleti namba za magari nikafunga.

Kitu kingine, sijui kama kinahusu, ile michoro si yote yangu. Kama 30 hivi niliitoa kwenye kitabu cha bure cha chuo kimoja cha nje, kilikua na vile vialama vya duara chini vya BY-NC-SA 4.0, nikatafsiri lebo kwa Kiswahili nikaweka, vialama nikavikata maana vilikua vinaharibu muonekano. Na maswali ya mwisho wa mada mbili ni ya kitabu cha kulipia. Lakini hiyo ni elimu tu, mi sikupata chochote.

Naomba unishauri. Nikiacha kutoa mi ni mchoyo? Yule jamaa naweza kumdai? Na hizo herufi niweke zipi? Na pia wanafunzi wangu wasio na simu huwa wanaenda kutoa fotokopi wanatozwa, kuna mzazi kashaanza kusema mwalimu ana mradi wake pale, wakati mi hata mwenye hiyo mashine simjui vizuri.

Mwalimu Aliyechoka

*

Marahaba mwanangu, pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikua upande wako mpaka nikataka kumpigia huyo jamaa mwenyewe. Mara ya pili nikaisoma polepole nikafika pale ulipoandika "sijui kama kinahusu". Kinahusu mama. Kinahusu kuliko vyote, na ndo maana ntakujibu kwa mpangilio tofauti na ulivyouliza, vumilia.

Kwanza nikutoe kwenye lile grupu. "Cha bure hakina mwenyewe" ni maneno yanayopendeza kuyasema ukiwa unakula cha mwenzio. Kwa sheria sivyo kabisa. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, uko tangu 1886, na nchi nyingi sana duniani zimeusaini, na msingi wake mmoja ni kwamba kazi ikishaandikwa inalindwa yenyewe bila kusajiliwa popote wala kugongwa muhuri. Na mwaka 1928 kule Roma wakaongeza kifungu kinachosema mwenye kazi ana haki ya kutambulika kuwa ni yake, hata akiwa ameshaachia haki zake za kuuza. Kwa hiyo ulivyozituma kwenye WhatsApp bila kuandika lolote, hukuzitupa barabarani. Watu waliruhusika kwa mantiki ya kawaida kuzisoma na kufundishia, sawa, ila kuzifuta jina na kuziuza hakuna aliyempa mtu ruhusa hiyo. Jamaa kakosea na hakuna cha kumtetea. Kava zuri si utetezi.

Ila hapohapo kuna kitu ambacho nadhani hujakiwaza. Kama haki zote zilibaki kwako, basi na yule mwalimu mwema wa shule ya mbali aliyechukua mada yako ya usagaji chakula, akapunguza kurasa, akaongeza maswali yake, akawatolea wanafunzi nakala, na yeye kwa maandishi ya sheria hakua na ruhusa. Najua usingemkataza, pengine ungefurahi. Lakini yeye atajuaje? Ulichotoa ni faili, hukutoa ruhusa. Na mtu mwaminifu asiyejua kama anaruhusiwa huwa anaacha, wakati asiye mwaminifu haulizi, anaendelea tu. Angalia nani kafaidika na ukimya wako miaka yote 4.

Hapo ndo ilipo tofauti ya kitu cha bure na kitu huria, na watu wanachanganya kila siku. Bure ni kwamba hujalipa. Huria ni kwamba hujalipa na pia umeambiwa waziwazi unaweza kukifanyia nini. Kuna bwana mmoja Mmarekani, David Wiley, mwaka 1998 aliona wenzake wa programu za kompyuta wanaandika programu na kuachia mtu yeyote azibadilishe, akajiuliza kwa nini masomo yasiwe hivohivo, akatoa leseni ya kwanza kwanza ya mambo haya. Baadae akayaweka kwenye mambo matano ambayo mpaka leo watu wa elimu huria wanayatumia kama kipimo: je, naruhusiwa kubaki nacho moja kwa moja, kukitumia nitakavyo, kukibadilisha, kukichanganya na kingine, na kukigawa? Chukua yale masomo ya mtandaoni ambayo unasoma bure mwezi mmoja afu akaunti inafungwa na kila kitu kinapotea. Hayo ni bure. Huria hapana.

Na neno lenyewe la vifaa huria vya elimu lilizaliwa kwenye mkutano wa UNESCO Paris mwaka 2002. Kilichowakutanisha ni kwamba mwaka mmoja kabla, 2001, chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kitaweka vifaa vya kozi zake mtandaoni mtu yeyote achukue. Watu walishangaa, wakasema sasa nani ataenda kulipa ada pale. Leo wana kozi zaidi ya 2,500 hapo nje na bado watu wanapanga foleni kuomba nafasi. Nakutajia hilo kwa sababu ya mumeo na rafiki yako wa paswedi. Notsi zako zikisambaa hazikupunguzii ualimu. Anayesoma mfano wako wa mlinzi wa geti kwenye karatasi bado hana wewe pale mbele wa kumuuliza "na kama maji yanataka kupita bila kugonga?" Mchoro na maelezo vinasambaa, mwalimu hasambai.

Kwa hiyo swali la uchoyo nalijibu hivi, hapana si uchoyo kukasirika, na ukiamua kuacha kutoa ni haki yako, hakuna anayekudai notsi. Ila kufunga na paswedi kutawaumiza wale wa shule za mbali peke yao, yule jamaa kurasa 212 anazo tayari.

Haya sasa tuje kwenye ile aya yako.

Kile kitabu cha nje ulichotoa michoro 30, kilikupa ruhusa kwa maandishi, tena ruhusa kubwa, kikakuwekea masharti matatu tu. Hizo pleti namba zako ni herufi za leseni za Creative Commons, yaani ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo mwenye kazi anachagua na kuibandika kwenye kazi yake, ziko hivi: BY maana yake mtaje mwenye kazi, NC usiitumie kwa lengo la kujipatia pesa au faida ya kibiashara, SA ukiibadilisha na kuisambaza basi na toleo lako lipewe leseni ileile ili na wengine wafaidike kama ulivyofaidika wewe. (Iliyobaki, ND, ni usibadilishe. Ukiiona hiyo hata kutafsiri na kusambaza huruhusiwi.) Wewe ukavikata vialama, ukatoa jina la mwenye kazi, ukatafsiri lebo, na kutafsiri kunahesabika ni kubadilisha, afu ukasambaza bila leseni. Sharti la pesa tu ndo hukulivunja. Sasa niambie, yule msanii aliyekaa akachora mshipa mmojammoja wa jani akikutana na PDF yako ataona nini? Ataona michoro yake, jina lake halipo, jina la mtu mwingine liko juu. Ule msemo wa nyani na kundule sitaumalizia, unaujua.

Najua utasema hukupata chochote. Yule jamaa kapata pesa, wewe umepata sifa, na ndo maana kufutwa jina kumekuuma kuliko pesa zenyewe, si ndio? Barua yako nzima pesa umezitaja kwa mdomo wa mumeo tu.

Sikuambii hivi nikukomoe. Nakuambia kwa sababu ukienda kumshtaki leo, jibu lake la kwanza litakua hilohilo, "na wewe ile michoro?", na hapo utakosa pa kuweka uso. Na habari nzuri ni kwamba leseni uliyoivunja ina mlango wa kurudia ndani. Hizi leseni za Creative Commons zilianza kutolewa Desemba 2002, na toleo lake la 4.0, la mwaka 2013, lina kifungu kinachosema ukivunja sharti ruhusa yako inakatika palepale, lakini ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa, inarudi yenyewe bila kumwomba mtu. Umesema kialama kilikua cha 4.0, kwa hiyo uko salama, anza kuhesabu leo ulivyosoma hapa. Siku 30 kwa michoro 30, mmoja kwa siku hata ukiwa na madaftari ya kusahihisha.

Kurekebisha kwenyewe si kazi ngumu, ni mstari mmoja chini ya kila mchoro. Andika jina la mchoro kama unalo, nani kauchora au kitabu gani, linki ulikoutoa, leseni yake, na ulichobadilisha. Kwa mfano: Mchoro 6, Seli ya mmea, umetoka kitabu fulani cha fulani, linki hii, CC BY-NC-SA 4.0, lebo zimetafsiriwa na mimi. Basi. Eti unaharibu muonekano! Wanafunzi wako wakiuona mara 30 watajifunza kitu ambacho hakipo kwenye silabasi.

Yale maswali ya kitabu cha kulipia yatoe. Leo. Hayo hayana mlango wa kurudia, tunga yako, we umeandika kurasa 212 maswali ya mada mbili hayakushindi.

Sasa uweke herufi gani. Hapa watu wengi watakuambia NC haraka haraka, na najua ndo unayoitaka kwa hasira ulizonazo, ili asiuze mtu. Mi siipendi sana NC, acha nikuambie kwa nini, afu utaamua mwenyewe. NC inamzuia mtapeli, ni kweli, lakini mtapeli huyu alishafuta jina lako bila kuogopa, unadhani ataogopa herufi mbili? Inayemzuia hasa ni mtu mwaminifu, mfano kituo kidogo kinachotaka kuchapa notsi zako nakala 200 na kuziuza kwa gharama ya karatasi na kafaida kidogo ka kulipia umeme kwenye sehemu isiyo na mtandao, yule anasoma NC anaogopa anaacha. Tena ukiweka NC, Wikipedia hawawezi kutumia hata mstari wako, wao wanachukua BY na BY-SA lakini NC hawagusi.

Mi ningeweka BY-SA kwenye maandishi yako. Ukiwa na hiyo anayetaka kuuza aruhusiwe auze, lakini lazima aandike jina lako, akibadilisha toleo lake liwe na leseni hiyohiyo, na haruhusiwi kulifunga kwa paswedi au kufuli lolote la kiteknolojia linalomnyima mnunuzi haki hizo. Maana yake aliyenunua anaweza kugawia darasa zima bure jioni hiyohiyo. Biashara ya namna hiyo haina miguu mirefu, itaishi tu kama muuzaji anaongeza kitu cha maana, kama uchapaji mzuri, na huyo mi simlaumu. Ila kama moyo haukubali kabisa kuona mtu anauza, weka BY-NC-SA na ulale usingizi, si dhambi, MIT wenyewe kozi zao ziko kwenye hiyo.

Lakini kumbuka ile michoro 30. Ni NC, na itabaki NC hata wewe uandike nini kwenye maandishi yako. Kwa hiyo ilimradi imo humo ndani, kitabu kizima hakiuziki, si na jamaa, si na wewe, na mumeo umwambie hivohivo. Unaweza kuandika mwanzoni kwamba maandishi ni BY-SA isipokua michoro iliyoandikwa vingine. Au uibadilishe. Nenda Wikimedia Commons, ghala la picha la mtandaoni la wenzao wa Wikipedia, ipo tangu 2004 na haipokei kabisa vitu vya NC, ina michoro ya seli, figo, moyo, maua, mingine haina sharti hata moja, kila faili limeandikwa leseni yake pembeni. Au vitabu vya bure vya OpenStax vya chuo cha Rice cha Marekani, vyao vya baiolojia vilianza kutoka 2013 kwa leseni ya BY tupu, ambayo ndo nyepesi, ila kabla hujachukua fungua kurasa za mwanzo za toleo uliloshika usome leseni yake, usikariri. Au chukua penseli uchore. Nimeona walimu wanachora seli ubaoni kwa sekunde 40 nzuri kuliko za kwenye vitabu, hiyo piga picha weka.

Jambo moja la kulala nalo usiku kabla hujaamua: leseni hizi hazirudishwi. Ukishatoa kwa BY-SA mtu akachukua, kesho ukikasirika unaweza kuacha kusambaza wewe, lakini aliyechukua ruhusa yake inabaki maadamu anafuata masharti. Usizitoe ukiwa na hasira na usizitoe ukiwa na furaha ya kusifiwa pia.

Habari ya fotokopi na yule mzazi. Hili limeshafika mahakamani, tena Marekani. Shirika lisilo la faida la Great Minds lilitoa mtaala wake wa hisabati kwa BY-NC-SA, shule zikawa zinapeleka kwa FedEx Office, kampuni ya maduka ya fotokopi, kutoa nakala, shirika likashtaki likisema hawa wanatoza pesa kwa hiyo wanavunja NC. Mahakama ya rufaa mwaka 2018 ikasema hapana, anayetumia ni shule na matumizi yake si ya kibiashara, mwenye mashine ni mkono tu wa kubonyeza, pesa anazotoza ni za kazi ya kutoa nakala. Wakajaribu tena kwa kampuni nyingine ya namna hiyo, Office Depot, mahakama nyingine ya rufaa ikawajibu vilevile 2019. Ni sheria za kule, lakini mantiki yake ndo hiyo utakayomwambia mzazi: mtoto analipia karatasi na wino. Ila na wewe usiongeze hata kitu kidogo juu yake kwa jina la usumbufu, na usiende kuchukua asante kwa mwenye mashine, maana hapo maneno ya mzazi yatakua na miguu. Na wanaoshindwa hata hiyo fotokopi, kama shule ina hata kompyuta moja nzima, muulize yule kijana wako wa kompyuta kuhusu Kiwix na Kolibri, zote ni za bure, Kiwix inakuwekea Wikipedia nzima isome bila intaneti, Kolibri inakuwekea masomo na mazoezi na unaweza kupandisha ya kwako humo, na simu chache zilizopo zikaunganishwa na hiyo kompyuta bila bando.

Tukirudi kwa jamaa. Ukishamaliza kurekebisha yako, siyo kabla, mwandikie yeye peke yake, usiandike grupuni. Usianze na mwizi. Mwambie ni zako, umeshanunua moja umeona, unataka jina lirudi na kuuza toleo hili la zamani kusimame kwa sababu lina michoro ya NC na maswali ya watu ambayo wewe mwenyewe unayatoa, na toleo jipya litakapotoka atapewa kama wengine kwa masharti yaliyoandikwa. Ona unavyompa njia ya kutokea bila kudhalilika. Wengi huwa wanaishika. Akigoma, angalia anapouzia, kama ni kwenye mtandao wa kampuni kubwa huwa kuna fomu ya kulalamika kuhusu hakimiliki, nyingi zinafuata sheria ya Marekani ya 1998 inayowataka waondoe wakiletewa malalamiko halali. Akiendelea bado, nchi nyingi zina ofisi ya hakimiliki, nenda na ushahidi.

Kuhusu kumdai hesabu ya kila alichouza, kwa maandishi yako unaweza kuwa na haki, sikatai, lakini nakushauri usiende huko. Utatumia muda mrefu kuliko uliotumia kuandika, na kitu unachomdai kina vya watu ndani yake. Mdai jina.

Halafu acha kutegemea WhatsApp kuwa kabati. Faili likishapita magrupu matatu hakuna anayejua limetoka wapi, ndo lilivyokuponza. Lipandishe sehemu moja inayotunza tarehe, kama maktaba za bure za mtandaoni za Internet Archive au Zenodo, hiyo ya pili iko chini ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, tangu 2013 na inakupa namba ya kudumu ya kazi yako, mtu akitaka kujua nani alianza anaangalia tarehe, mjadala umeisha. Grupuni tuma linki. Jina lako na leseni viweke chini ya kila ukurasa, siyo kwenye kava peke yake, kava ndo la kwanza kung'olewa. Na weka faili la kuhariri pamoja na PDF. PDF ni kama saruji iliyokauka, unampa mtu ruhusa ya kubadilisha afu unampa kitu kisichobadilika, ni sawa na kumkaribisha mtu ndani na mlango umeufunga. Punguza na ukubwa wa picha, najua yako ni nzito, kurasa 212 na michoro ya rangi, gawanya kwa mada mtoto apakue anayoihitaji.

Na ile mitokondira ya ukurasa wa 14, kwenye toleo jipya rekebisha. Ila lile faili la zamani lenye kosa lihifadhi sehemu mbili na tarehe zake, pamoja na risiti ya ile mada uliyonunua kwa namba ya mdogo wako, usifute hata kimoja mpaka jamaa ajibu.

Anti